Mke wa Nkuu, mgeni wa Uhamiaji

Ukifika Nkuu, hapa Machame, ukauliza Mama Neema ni nani, hata mtoto wa darasa la pili atakuonyesha migomba yangu. Ukiuliza Idara ya Uhamiaji, mimi ni raia wa Kenya mwenye pasi ya mtegemezi, na pasi hiyo ina tarehe ya kwisha. Nilizaliwa Taveta, ng'ambo tu ya mpaka wa Holili, mahali ambapo Kilimanjaro unaonekana kwa upande wa pili. Mume wangu alikuwa akija kununua maharage siku za soko. Mengine mnaweza kujijazia.

Kwa kuwa mambo ya karatasi nimeyazoea, wanawake walioolewa huku kutoka nje hunijia. Yupo Mganda, yupo Mjerumani aliyekuja kupanda mlima kwa njia ya Machame akaolewa na mwongoza watalii wake. Swali lao ni lile lile: ukaazi wa kudumu unaombwa wapi? Jibu langu huwakatisha tamaa. Tanzania Bara, ukaazi wa kudumu wa mke wa raia hauombwi popote, kwa sababu haupo. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 ina vibali vya ukaazi vya madaraja matatu. A ni ya mwenye mtaji au biashara yake, B ya mwajiriwa, C ya wamisionari, wanafunzi, watafiti na wa namna hiyo. Kibali hutolewa kwa miaka isiyozidi mitatu, na hata kikihuishwa, jumla yake kwa kawaida haivuki mitano. Baada ya hapo unaanza upya. Wamisionari wa Leipzig walipofika hapa Machame mwaka 1893, hodi waliipiga kwa Mangi Shangali tu. Wenzao wa leo wanajaza fomu mtandaoni, wanapata namba ya malipo, kisha wanasubiri.

Mke wa raia hutegemea pasi ya mtegemezi. Maana yake ni kwamba jina langu limening'inia kwenye jina la mume. Cheti cha ndoa, kitambulisho chake cha NIDA, barua ya mtendaji wa kijiji, picha, ada. Kila pasi inapokaribia kuisha bahasha ile ile hutoka kabatini.

Wengine huniambia, "Lakini nyie wa Afrika Mashariki si mnapita tu?" Kupita, ndiyo. Pale Holili nagongewa mhuri wa hadi miezi sita bila viza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia pia haki ya kuishi katika nchi mwanachama. Ila ibara ya 14 ya itifaki hiyo hiyo inasema suala la ukaazi wa kudumu litaamuliwa na sera na sheria za kila nchi. Wakubwa walikubaliana kutokukubaliana. Kenya iliamua kuwa nao. Sheria yake ya mwaka 2011 inamruhusu mtu aliyefunga ndoa na Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu ndoa ikishatimiza miaka mitatu. Kwa hiyo mume wangu, ambaye akilala Taveta usiku mmoja anaanza kuulizia mtori, angeweza kuwa mkaazi wa kudumu kwetu. Mimi kwake siwezi.

Mlango uliopo kwangu ni uraia wenyewe. Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi, wakati wowote mume akiwa hai. Wengi wakisoma hapo huona "wakati wowote" wakafurahi, wakasema tutaomba watoto wakimaliza shule, tutaomba kahawa ikilipa. Mimi macho yangu huganda kwenye "mume akiwa hai". Namjua mjane mmoja wa huku juu, mzaliwa wa nje kama mimi, ambaye mumewe alifariki ghafla. Matanga hayajaisha, pasi aliyoitegemea haikuwa tena na wa kuitegemea, na mlango wa mke ulikuwa umefungwa. Akabaki na njia ya kila mgeni: uwe umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo uwe umeishi jumla ya miaka saba au zaidi. Ujue Kiswahili au Kiingereza. Uwe na tabia njema. Maombi hupitia kamati za ulinzi na usalama, jina lako hutangazwa gazetini ili mwenye pingamizi aseme, na mwisho huamua Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye halazimiki kutoa sababu na uamuzi wake haukatiwi rufaa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa binti wa Machame anaanzia huko huko, maana kifungu cha 11 kinamtaja mwanamke peke yake. Hilo naona halina haki, na nimeshamwambia hivyo ofisa mmoja. Alicheka akanikaribisha kiti.

Bei ya uraia ni kuukana ule wa kwanza, na hapo ndipo usingizi hunipaa. Katiba ya Kenya ya 2010 hainivui uraia wa kuzaliwa nikichukua wa nchi nyingine. Tanzania ndiyo isiyotaka mtu mzima mwenye nchi mbili. Kinachonisumbua zaidi ya pasipoti ni ardhi. Marehemu baba aliacha shamba Taveta nami nina fungu langu. Nikiacha kuwa Mkenya, ibara ya 65 ya Katiba hiyo hiyo inaniruhusu kuwa mpangaji wa ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Nikibaki Mkenya, Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kihamba, yaani shamba letu la ukoo lenye kaburi la mama mkwe, siwezi kukiita uwekezaji.

Desemba shemeji yangu hushuka uwanja wa ndege wa KIA kutoka Minnesota. Kule alikaa na gari lake na kadi ya kijani, ukaazi wa kudumu hasa, halafu akala kiapo cha Marekani na uraia wa Tanzania ukamtoka. Amezaliwa nyumba hii, ila uwanjani anapanga foleni ya wageni. Kwa watu kama yeye Serikali ilipeleka bungeni mwaka 2024 muswada wa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi, ili kuleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Namwombea heri. Mimi asili yangu ni ya ng'ambo ya Holili, hadhi hiyo hainihusu.

Nimeamua kuomba. Mume ana presha, na ameanza kunitania kwamba nakitaka kifungu kuliko ninavyomtaka yeye. Fomu nimeshajaza, barua ya mtendaji ninayo. Nimewaomba kaka zangu jambo moja tu, tugawane shamba la baba kabla sijaapa, na fungu langu niliandikishe kwa dada yetu mdogo. Kaka mkubwa anataka tuzungumze uso kwa uso. Jumamosi ni siku ya soko Taveta, kwa hiyo nitavuka.