Farasi wa Detroit, Tope la Afrika Mashariki

Kutoka Arua hadi Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, leo ni lami. Lakini iache lami hiyo, uelekee makazi ya wakimbizi ya Lobule au Bidibidi baada ya mvua kubwa, ndipo utakapojua injini ipi ina nguvu.

Wamarekani walikuwa na jibu lao. Kwa modeli za mwaka 1964, wahandisi wa Pontiac, akiwamo John DeLorean, walichukua gari la ukubwa wa kati, Tempest, wakalitia injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 6.4. General Motors, kampuni mama, ilikuwa imekataza injini kubwa kiasi hicho katika magari ya daraja lile. Ili kukwepa katazo hilo, wahandisi wakaiuza kama nyongeza ya hiari. Ndiyo GTO: nguvu za farasi 325, kwa bei aliyoweza kuimudu kijana mwenye ajira. Lilitamba kwenye lami iliyonyooka, mbio za robo maili.

Mwaka 1964 Ford ilileta Mercury Comet sita, zenye V8 ya lita 4.7, kwenye East African Safari, mbio za Pasaka zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari 94 yalianza, 21 yakamaliza. Kati ya hayo 21, Comet zilikuwa mbili tu. Mshindi, Peter Hughes, aliendesha Ford Cortina GT ya silinda nne, lita 1.5! V8 zile hazikuwa mbovu hata kidogo. Ila injini ikisukuma kuliko tairi linavyoweza kushika, nguvu yote huishia kuchimba tope, na chuma kizito kilicho mbele huzidi kulizamisha gari.

Ndiyo maana mimi naipa heshima kubwa zaidi injini ambayo hakuna anayeibandika picha yake ukutani: 1HZ ya Toyota, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za mashirika ya misaada hapa West Nile. Ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na farasi wake ni 130 hivi. GTO ilihitaji mizunguko 3,200 kwa dakika ili kufikia msokoto (torque) wake mkubwa kabisa. 1HZ hufikia wake ikiwa kwenye 2,200 tu, gari likijikokota tairi zisiteleze. Pampu yake ya dizeli haisubiri kompyuta. Fundi mwenye spana na uzoefu anaishughulikia bila kompyuta, na gari linaendelea na safari ya Oraba, mpakani na Sudan Kusini.