SOMA NAMBA KABLA YA KUNUNUA TAIRI LA BAISKELI

Baiskeli ya zamani ni mali. Hapa Lukole, na katika vijiji vingi vya Ngara na Biharamulo, baiskeli hubeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni. Hubeba madumu ya maji. Siku nyingine humbeba mgonjwa kwenda zahanati.

Nyingi kati ya baiskeli hizi ni zile ndefu nyeusi. Ziko Raleigh za Uingereza, Phoenix za China, na Swala zilizotengenezwa hapa nchini. Chuma chake ni kigumu. Kinachokwisha mapema ni tairi.

Sasa tairi limekwisha. Unakwenda dukani. Unasema, "Nipe tairi la 28." Muuzaji anakupa tairi la 28. Unafika nyumbani, haliingii! Kwa nini?

"28" ZIKO ZAIDI YA MOJA

Namba 28 ni kipimo cha inchi cha tairi zima, tena ni kipimo cha kukadiria tu. Hakikuambii ukubwa wa ringi. Matairi mawili yanaweza kuandikwa 28, na kila moja likawa na ringi yake.

Shika tairi lako kuukuu. Lifute vumbi ubavuni. Utaona maandishi. Kwenye baiskeli nyingi ndefu za zamani utasoma hivi:

28 x 1 1/2
40-635

Namba muhimu kuliko zote ni hiyo 635. Ni kipimo cha ringi kwa milimita, kutoka upande mmoja hadi wa pili, mahali waya wa tairi unapokaa. Namba 40 ni unene wa tairi, nao pia kwa milimita.

Tairi jingine la 28 huandikwa 622. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13. Ni ndogo, karibu upana wa kidole. Lakini waya wa tairi hauvutiki.

Ukilazimisha tairi la 622 kwenye ringi ya 635 kwa bisibisi, utatoboa tyubu, utapinda ringi, au utakata waya. Ukiweka tairi la 635 kwenye ringi ya 622, litaingia kwa urahisi. Usifurahi. Limelegea. Ukijaza upepo, tyubu itachungulia nje na kupasuka.

Fikiri jambo hilo likitokea unateremka mlima na mikungu mitatu nyuma. Hapo huharibu tairi tu. Unaweza kuvunjika mguu, au kupoteza maisha.

Jihadhari pia na nukta. Hesabu ya shuleni inasema 1 1/2 na 1.5 ni sawa. Kwenye matairi sivyo. Tairi la 28 x 1 1/2 kwa kawaida ni la ringi ya 635. Tairi la 28 x 1.50 mara nyingi ni la ringi ya 622. Kwa hiyo tafuta namba ya milimita.

KAMA MAANDISHI YAMEFUTIKA

Vua tairi kuukuu, uende nalo dukani. Lilaze juu ya tairi jipya. Waya ulale juu ya waya. Duara zote mbili zilingane pande zote. Zisipolingana, usinunue.

USIBADILI RINGI OVYO

Wengine watakushauri utupe ringi za zamani na kuweka za baiskeli ndogo. Fikiri kwanza. Baiskeli hizi nyingi zina breki za vyuma. Ukikaza breki, mipira yake huvutwa juu na kubana upande wa ndani wa ringi. Ringi ndogo haifikiwi na mipira hiyo. Utabaki bila breki.

Tena, hesabu matundu ya spoki. Baiskeli nyingi za zamani za Uingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Ringi nyingi za siku hizi zina 36. Haziendani. Ikiwa ringi yako haijapinda wala kuliwa na kutu, itunze. Tafuta tairi linaloifaa.

KAGUA TAIRI JIPYA

Namba ikiwa sawa, angalia mambo haya kabla ya kulipa:

1. Pinda ubavu wa tairi kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo ndogo, mpira umezeeka dukani au umekaa juani. Liache.

2. Pitisha mkono kwenye waya, mzunguko mzima. Matairi husafirishwa yakiwa yamekunjwa. Waya uliovunjika au kupinda vibaya hautakaa vizuri kwenye ringi.

3. Tazama unene. Tairi nene mno litasugua madigadi na uma wa mbele.

4. Nunua tyubu ya kipimo hicho hicho. Valvu yake ipite kwenye tundu la ringi bila kulazimishwa.

UPEPO NDIO UNAOBEBA MZIGO

Katika miaka ya 1880 daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, mjini Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mtoto wake ya magurudumu matatu. Tangu hapo upepo ndio unaobeba mzigo. Tairi zuri lenye upepo mdogo hukatika ubavuni upesi. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kisome. Pima upepo kabla ya kupakia, si baada ya kupata pancha.

Tairi la nyuma huisha upesi kwa sababu ya mzigo. Usilihamishie mbele likiisha. Tairi la mbele likipasuka, usukani haushikiki.

Ndugu msomaji, leo hii lisogelee gurudumu la baiskeli yako. Soma namba zake, uziandike kwenye daftari. Siku ya soko uende nazo. Muuzaji akisema "28 ni 28", mwonyeshe 635.