Kabla ya Kuuliza Wanafungua Saa Ngapi

Mgeni aliyelala Mbinga mwezi Juni akiamka saa 12 asubuhi hukuta nje bado kiza, ukungu umelala juu ya migomba na mlango wa mgahawa umefungwa. Ni rahisi kudhani kwamba mji umechelewa kuamka. Haujachelewa. Jua lenyewe halijatoka, na halitatoka mpaka ikaribie saa 1 kamili.

Sababu iko kwenye ramani. Saa ya Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na mstari huo haugusi ardhi yetu hata kidogo. Unapita jirani na Mogadishu, unavuka bahari na kuikata Madagaska. Kila ukisogea nyuzi moja kuelekea magharibi, jua huchelewa dakika 4. Mbinga iko kwenye nyuzi 35, kwa hiyo jua lake liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 40. Dar es Salaam nayo iko nyuma, ila kwa dakika 23 tu. Juni, usiku unapokuwa mrefu kuliko miezi mingine, pengo hilo huonekana wazi. Novemba jua hutoka saa 12 na dakika chache, na mgeni yuleyule asingegundua lolote.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Kiswahili huhesabu saa tangu macheo. Saa 1 maana yake mchana umeshatimiza saa moja. Lakini Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwezi Juni saa 1 ndiyo kwanza jua linachomoza, tena nyuma ya milima ya Umatengo, hivyo ufuko hukaa kivulini kitambo zaidi. Ng'ambo ya ziwa, Nkhata Bay, saa ya Malawi iko nyuma yetu kwa saa nzima, na jua la Juni huwatokea saa 12, sawasawa na hesabu ya mababu zetu. Simu yako ikinasa mnara wa ng'ambo, inaweza kujirudisha nyuma saa nzima bila kukuambia. Ukiwa na basi la alfajiri, muulize mwenyeji saa. Na tiketi ikisema 06:00, ni saa 12 alfajiri. Usiisome kuwa saa 6.

Ukishaelewa hilo, ratiba ya ofisi utaisoma kwa jicho jingine. Ofisi za serikali hufanya kazi saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kama kwingineko nchini. Juni, saa 1:30 Mbinga ni nusu saa tu baada ya macheo. Anayetoka kijiji cha mbali na kufika saa 3 hakuzembea. Alianza kutembea gizani. Benki hufungua mnamo saa 2:30, Jumamosi huishia mchana, na Jumapili hazifunguliwi. Chukua fedha ukiwa bado Mbinga mjini, kabla ya kuteremka ziwani. Wakala wa fedha wa ufukweni anaweza kuwa wazi tangu asubuhi mpaka usiku na bado asiwe na noti za kukupa. Jumapili asubuhi mji ni wa kanisa: Mbinga ni makao ya Jimbo Katoliki tangu 1986, na maduka mengi husubiri watu watoke misani.

Kuanzia Mei hadi Septemba kahawa ndiyo inayoamua. Matunda mekundu huchumwa mchana na lazima yamenywe siku hiyohiyo, la sivyo huanza kuchacha vibaya na bei hushuka. Ndiyo maana mtambo wa chama cha msingi huweza kuwa kimya asubuhi nzima, kisha ukanguruma jioni na kuendelea hadi usiku. Mgeni anayetaka kuona kazi hiyo akaenda saa 4 asubuhi, ataona punje zikianikwa kwenye vichanja na kudhani amekwisha kuona yote.

Ziwani hesabu hubadilika kabisa. Barabara ya lami ya kilomita 66 hukushusha kutoka Mbinga, kwenye baridi ya Umatengo, hadi kwenye joto la Mbamba Bay, mita kama 475 juu ya usawa wa bahari, na hapo siku ya kazi huanza jua linapozama. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, sasa zaidi za betri na za sola. Mwanga huwakusanya samaki, wavu ukawazoa. Mitumbwi hurudi alfajiri, na mwalo huchangamka kwa saa mbili tatu: bei zinapangwa, ndoo zinajazwa, kinamama wanatandaza usipa juani. Kufikia saa 5, baa na maduka yakiwa wazi, biashara kubwa ya siku imekwisha na waliokesha majini wamelala. Anayewaona wamelala mchana akawaita wavivu anawakosea sana.

Upepo nao una kauli yake. Kusi ikivuma kati ya Mei na Agosti, ziwa huchafuka na hata chombo kikubwa huchelewa. Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza safari mwaka 2021 ikiwa na nafasi ya abiria 200 na mzigo wa tani 200, ni msaada mkubwa kwa vijiji vya pwani, lakini usiitegemee ikuwahishe kwenye basi la siku hiyohiyo. Jiwekee usiku mmoja wa akiba.

Na kabla ya kufunga safari, tazama mwezi wa angani. Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa, taa ya mvuvi haifui dafu. Usipa hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hubaki mchangani. Ukitaka kuuona mwalo wa Nyasa ukiwa kazini, nenda siku za kiza, ulale palepale ufukweni, na uamke saa 11 alfajiri.