Ringi iliyopakwa rangi si ringi mpya: Hesabu ya matairi makubwa kwa wenye malori Zegereni

Na Mwandishi Wetu

MASIKA yanapokaribia, mwenye lori anayefuata mzigo katika eneo la viwanda la Zegereni, kata ya Visiga mjini Kibaha, husikia ombi lilelile kutoka kwa dereva wake: "Bosi, tufunge matairi makubwa." Fundi naye huongeza lake, kwamba zitafutwe ringi zilizotumika, zipigwe msasa na kupakwa rangi, kazi iishe kwa bei nafuu.

Ushauri huo si mbaya. Lakini una gharama ambazo hazionekani kwenye risiti, na mwenye gari asipozijua mapema atazilipia baadaye, ama kwa fedha ama kwa ajali.

Kwa nini ringi nazo zibadilike

Tuchukue lori la ekseli mbili lenye matairi ya 9.00-20. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi na ya pili ni kipenyo cha ringi. Hatua inayofuata ni tairi la 10.00-20. Kwa kuwa zote ni "ishirini", wengi hudhani tairi jipya litakaa kwenye ringi ileile.

Litaingia, ndiyo, lakini halitakaa inavyotakiwa. Kipimo cha kawaida cha ringi ya 9.00 ni upana wa inchi 7, na cha 10.00 ni inchi 7.5. Tairi likibanwa kwenye ringi nyembamba, mbavu zake hutuna. Nyuma ya lori, ambako matairi hufungwa mawili mawili, mbavu hizo husogeleana. Gari likipakiwa zinagusana, zinasagana, zinapata joto na mwisho tairi linapasuka. Jiwe likinasa katikati, mambo huwa mabaya zaidi. Ndiyo sababu anayeongeza tairi hulazimika kutafuta na ringi, na hapo ndipo soko la ringi zilizotumika linapopata wateja.

Je, mzigo utaongezeka?

Hili ndilo swali la biashara, na jibu lake huwashangaza wengi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Jumla kwa lori la ekseli mbili ni tani 18. Mzani haujali kama tairi ni la 9.00 au 10.00. Lori linalotoka Zegereni kuelekea Morogoro litapita mizani ya Vigwaza, na hapo tairi kubwa halimpi mtu ruhusa ya kuongeza hata kilo moja. Zaidi ya hapo, ringi na matairi makubwa ni mazito, na uzito huo unahesabiwa ndani ya tani hizohizo 18.

Hata hivyo, faida inaweza kuwapo kwa sababu nyingine. Tairi la 9.00-20 lenye alama ya uzito 140/137 hubeba kilo 2,500 likiwa peke yake na kilo 2,300 likiwa pacha. Manne ya nyuma kwa pamoja hubeba kilo 9,200, chini ya tani 10 za kisheria. Tairi la 10.00-20 lenye alama 146/143 hubeba kilo 2,725 likiwa pacha, yaani kilo 10,900 kwa manne. Kwa hiyo, mwenye lori ambaye amekuwa akipakia hadi ukomo wa sheria kwa matairi madogo amekuwa akiyaonea. Kwake tairi kubwa ni kinga, mradi ekseli, springi na breki za gari lake nazo zimetengenezwa kubeba uzito huo. Anayepakia mizigo myepesi hapati chochote ila kimo.

Na kimo chenyewe ni kidogo. Kipenyo cha 9.00-20 ni takriban milimita 1,019 na cha 10.00-20 ni takriban milimita 1,055. Gari linanyanyuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 18. Kwenye matope, kashata za tairi na ustadi wa dereva husaidia kuliko milimita hizo.

Dereva asije akaitwa mwizi

Tofauti hiyo ya kipenyo ni kama asilimia 3.5, na huingia kwenye hesabu za ofisi bila kubisha hodi. Spidomita ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 83, wakati ukomo wa magari makubwa ni 80. Nguvu ya kupanda mlima nayo hupungua kidogo, na breki hufanya kazi zaidi kusimamisha gurudumu kubwa.

Lakini linaloleta ugomvi ni dizeli. Lori likitembea kilomita 1,000 za kweli, kipimo kitaandika kama 966. Tuseme lilitumia lita 350. Kabla ya matairi makubwa, daftari lingesema kilomita 2.86 kwa lita. Sasa linasema 2.76. Bosi anayelinganisha miezi miwili ataona dizeli "imepotea", na wa kwanza kushukiwa ni dereva. Kabla ya kumfukuza mtu kazi, zidisha kilomita za kwenye kipimo kwa 1.035.

Rangi inaficha nini?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ringi iliyotumika ikipakwa rangi inayong'aa hujitembeza vizuri sana. Rangi ina kazi yake halali, nayo ni kuzuia kutu. Lakini hufunika nyufa kwenye matundu ya nati, matundu yaliyopanuka kwa kufungwa legelege, na sehemu zilizochomelewa. Ringi yenye ufa haichomelewi, hutupwa.

Kwa hiyo utaratibu salama ni kununua ringi ikiwa na kutu yake, kisha kuipaka mwenyewe. Iondolewe kutu hadi chuma kionekane, ikaguliwe kwenye mwanga, ipakwe praima na baadaye rangi nyembamba. Sehemu inayokutana na habu, sehemu ambapo ringi mbili hugusana na mahali nati zinapokaa zisipakwe rangi nzito. Rangi nzito husagika gari likitembea, nati hulegea, na gurudumu huweza kuchomoka barabarani. Baada ya kufunga, nati zikazwe upya gari likishatembea kati ya kilomita 80 na 160.

Ringi zenye pete ya kufungia zinahitaji tahadhari zaidi. Pete iliyopinda, iliyoliwa na kutu au isiyo ya aina ya ringi hiyo inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua fundi papo hapo. Upepo ujazwe ndani ya kizimba cha chuma, fundi akisimama mbali kwa mpira mrefu. Kupaka rangi pete mbovu ni kumtegea mtu mtego.

Mfano wa hesabu

Tuweke bei za mfano tu. Msomaji aweke za duka lake. Lori lina magurudumu sita na moja la akiba. Tairi kubwa likizidi dogo kwa shilingi 100,000, saba ni shilingi 700,000. Ringi saba kwa shilingi 120,000 kila moja ni shilingi 840,000. Msasa, praima, rangi na ufundi kwa shilingi 15,000 kila ringi ni shilingi 105,000. Jumla ya ziada ni shilingi 1,645,000. Pengine zitapatikana fedha kidogo kwa kuuza ringi za zamani.

Fedha hizo hazirudi kwa kuongeza mzigo, kwa sababu sheria haikuongezeka. Zinarudi kwa njia moja: matairi kudumu zaidi na kupasuka mara chache kwa sababu hayaonewi tena. Kama matairi ya sasa yanaisha kwa kuchakaa tu wala hayapasuki, fedha hiyo ni bora ibaki benki.

Na anayeamua kubadili, abadili ekseli nzima. Tairi kubwa likifungwa pacha na dogo, kubwa hubeba mzigo wote, na mwenye gari atanunua tena kabla ya masika yajayo.