Kwa nini madirisha ya ndege hayana kona? Muulize fundi mbao wa Tarime

Tazama madirisha ya ndege yoyote kubwa ya abiria, hata kwenye picha tu. Ni madogo, na kona zake zimezungushwa kama yai. Hutaona pembe kali hata moja.

Huo si urembo. Mwaka 1954 watu 56 walikufa katika ajali mbili, ndani ya miezi mitatu, kabla wataalamu hawajaelewa ufa unavyoanza kwenye bodi ya ndege. Moja ya ndege hizo ilishawahi kupita ng'ambo ya Ziwa Victoria tu, Entebbe, chini ya kilomita 300 kutoka Tarime kwa mstari ulionyooka.

Somo lenyewe si geni kwa mtu anayechonga mbao. Fundi wa Tarime mjini au Mugumu anajua kwamba ubao haupasuki popote tu. Hupasukia pale msumari ulipopigwa karibu na ncha, au pale patasi ilipoacha kona kali. Mtoto anayechonga ndege ya mbao na kuiwekea matairi ya kandambili anajifunza hilo siku bawa linapomvunjikia mkononi.

Ndege za kwanza zilikuwa za mbao kweli

Ziwa Victoria liliingia mapema kwenye ramani ya usafiri wa anga. Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha huduma ya kutoka London kuja Afrika, na kituo cha mwisho kikawa Mwanza.

Mwaka 1946 ikaanza kazi East African Airways. Ndege zake za mwanzo zilikuwa Dragon Rapide sita, zilizotengenezwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza. Mifupa yake ilikuwa ya mbao, ikavikwa kitambaa. Zilibeba abiria wachache, nane hivi, kwa mwendo wa kama kilomita 210 kwa saa, zikivutwa na pangaboi mbili.

Kampuni hiyohiyo iliyozoea mbao ndiyo iliyounda ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani: Comet. Hii ilikuwa ya alumini, na iliruka kwa mara ya kwanza Julai 27, 1949.

Jeti yafika ng'ambo ya ziwa

Mei 2, 1952, Comet yenye namba G-ALYP iliondoka London na abiria 36 kwenda Johannesburg. Ilipita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Safari nzima ilichukua chini ya saa 24.

Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria waliolipa nauli. Kwa hiyo Entebbe iliona jeti ya abiria miaka sita kabla Boeing 707 ya Pan Am haijaanza kubeba watu kutoka New York kwenda Paris, Oktoba 1958.

Abiria waliipenda. Haikutikisika kama ndege za pangaboi, ilipita juu ya mawingu mabaya, na mwendo wake ulizidi kilomita 700 kwa saa.

Kisha zikaanza kupasuka hewani

Januari 10, 1954, ndege ileile ya safari ya kwanza, G-ALYP, iliondoka Rome kwenda London. Ikiwa inapanda juu ilipasuka na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walikufa.

Comet zilizuiwa kuruka, zikakaguliwa, zikafanyiwa marekebisho. Mwezi Machi zikarudi kazini. Aprili 8, nyingine ikapasuka karibu na Naples ikitoka Rome kwenda Cairo. Wakafa watu 21. Safari hii zilizuiwa moja kwa moja mpaka chanzo kijulikane.

Modeli za mbao zaingia kwenye uchunguzi

Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuopoa mabaki ya G-ALYP kutoka chini ya bahari, kipande kwa kipande. Wataalamu wa Farnborough wakaviunganisha upya.

Lakini walitaka kujua jambo moja zaidi: kipi kilikatika kwanza? Wakatengeneza ndege ndogo za mbao nyepesi, zilizoundwa kwa vipande vinavyoachana zikiwa hewani. Waliziachia kutoka juu, wakatazama kila kipande kinaangukia wapi, kisha wakalinganisha na mahali mabaki halisi yalipookotwa.

Modeli ya mbao inaweza kuonyesha umbo la ndege na namna inavyoanguka. Haiwezi kuonyesha chuma kinavyochoka. Kwa hilo ilihitajika ndege kamili.

Basi wakachukua Comet nzima, bodi yake wakaizamisha kwenye tangi kubwa la maji. Wakawa wanajaza maji ndani yake kwa presha na kuyapunguza, tena na tena, kila mara ikihesabika kama safari moja. Ukijumlisha safari ilizokuwa imeruka kweli na zile za ndani ya tangi, bodi ilipasuka baada ya safari kama 3,000. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha la dharura.

Nayo mabaki ya G-ALYP yalionyesha ufa ulioanzia juu ya paa, kwenye kona ya tundu la antena lililokatwa kwa umbo kama la dirisha. Ndege hiyo ilikuwa imefanya safari karibu 1,300 tu.

Kona ina ubaya gani?

Comet iliruka zaidi ya kilomita 10 juu, mahali ambapo hewa ni nyepesi mno, binadamu hawezi kupumua akaishi. Kwa hiyo ndani hujazwa hewa kwa presha, na bodi yote inavimba kidogo kama mpira wa miguu.

Presha ile ilisukuma kwa zaidi ya nusu kilo kwenye kila sentimita moja ya mraba. Chukua daftari la shule lenye upana wa sentimita 16 na urefu wa 20. Eneo dogo kama hilo tu linabeba msukumo wa zaidi ya kilo 160, yaani zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi.

Msukumo huo husambaa kwenye bati la bodi. Ukikuta tundu, lazima ulizunguke. Tundu likiwa la duara, unapita taratibu pembeni. Likiwa na kona, nguvu zote hurundikana palepale konani, na kama pana tundu la riveti jirani, hapo ndipo ufa unapoanzia. Madirisha ya Comet yalikuwa ya mraba, kona zake zimezungushwa kidogo tu. Bati lenyewe pia lilikuwa jembamba.

Ndege ikipanda, bodi inavimba. Ikishuka, inarudi. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua mara nyingi mahali pamoja. Mara ya kwanza hakikatiki, hata ya tano. Lakini mwishowe kinakatika, bila wewe kuongeza nguvu. Huo ndio uchovu wa chuma.

Mbona ndege za Seronera zina madirisha makubwa?

Mkazi wa Serengeti anaweza kuuliza hivyo, na ni swali zuri. Ndege ndogo nyingi zinazoshusha watalii Seronera, kama Cessna Caravan, huruka chini na hazijazwi presha. Hewa ya ndani na ya nje inalingana, kwa hiyo bodi haivimbi.

Ndivyo ilivyokuwa pia ile Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, ambayo Bernhard na Michael Grzimek waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950.

Jeti ya Afrika Mashariki

De Havilland hawakukata tamaa. Walitoa Comet 4 yenye bati nene zaidi na madirisha ya mviringo. Mwaka 1960, hata kabla ya Uhuru wa Tanganyika, East African Airways ilipokea Comet 4 zake za kwanza. Kampuni iliyoanza na ndege za mbao na kitambaa ikawa na jeti ndani ya miaka 14. Ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo Tanzania ikaanzisha shirika lake la ndege.

Ukitaka kuichonga

Comet inachongeka kwa urahisi kwa sababu haina injini zinazoning'inia. Zote nne zimefichwa kwenye mashina ya mabawa, mbili kila upande.

Ukifanya sentimita moja ya mbao iwe mita moja ya ndege, vipimo ni hivi:

- Comet ya kwanza: urefu kama sentimita 28, mabawa 35 kutoka ncha hadi ncha.
- Comet 4 ya East African Airways: urefu 34, mabawa 35.
- Unene wa bodi kwa zote: sentimita 3 hivi.

Mabawa yaelekee nyuma kidogo. Ukate bawa kwa kufuata nyuzi za ubao kutoka shina hadi ncha. Ukikata kinyume chake litakatika likianguka mara moja tu. Pale bawa linapokutana na bodi usiache kona kali. Pitisha tupa, kisha msasa, mpaka pawe na mkunjo laini.

Na ukifika kwenye madirisha, yachore kulingana na ndege yenyewe: ya mraba kwa ile ya 1952, ya mviringo kwa ile ya 1960. Mtu akiuliza tofauti, utakuwa na la kumweleza.