Kushusha bwate ya vitesi nyumbani: gari nayo inataka buazaje

Mchimbaji yeyote wa Kamituga, Nzibira ao Nyabibwe anajua sheria hii: hauingie mu galeri kama miti ya kushikilia haijasimikwa. Buazaje kwanza, kazi kisha. Lakini siku ya yenga, mwanaume huyo huyo unamukuta amelala chini ya Hilux mu parseli ya Kadutu ao Bagira. Gari imesimama juu ya kriki moja na tofali mbili, na mtoto wake anamushikia tochi. Anataka kushusha bwate ya vitesi.

Hatuandike hapa kumwambia aache. Sababu za kufanya kazi hiyo nyumbani tunazijua wote. Wakati wa SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, gari ilikuwa ya kampuni. Ikikufa, ni kampuni ndiyo ilitafuta fundi. Leo gari ni ya ndugu watatu ao wane waliochanga pesa ya jasho yao. Inapeleka watu na unga ku migodi, inarudisha mizigo na wagonjwa. Kila siku inapolala, sufuria za nyumba tatu zinalala pia. Na barabara ya taifa namba 2, kutoka Bukavu kupita Walungu na Mwenga mpaka Kamituga, inakula ambreyaje: matope, milima, na shofere anayeacha mguu nusu ku pedali juu gari isizimike.

Tunachosema ni hiki: bwate inaweza kutoka na kurudi nyumbani, kwa mikono ya watu wawili wenye utulivu, kama gari imeshikiliwa vile tunashikilia shimo. Bila hiyo, afazali gari ilale.

Maelezo haya ni ya gari zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, zenye vitesi za mkono, kama Hilux na Hiace za zamani. Carina na Corolla nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Bwate yao imelala kandokando ya motere, na kazi yake ni ingine.

Mbele ya kushusha, sikiliza

Bwate haishushwe juu jirani amesema imekufa. Gari yenyewe inasema ugonjwa wake, kama unaipa nafasi.

Ukipanda mlima na mzigo, motere inalia sana lakini mwendo hauongezeke, na kuna harufu ya kuungua: diski ya ambreyaje imekwisha, ao mafuta imeifikia. Hapo hakuna njia ingine, bwate itashuka.

Vitesi zinakataa kuingia motere ikiwaka, lakini ukizima zote zinaingia bila shida: ambreyaje haiachie vizuri. Angalia kwanza kopo ya mafuta ya ambreyaje, kisha pampu ya juu na ya chini kama zinavuja. Mara ingine kazi inaishia hapo, kwa kubadilisha mpira mdogo na kutoa hewa. Kuna watu wamepoteza siku mbili chini ya gari kwa ugonjwa ambao ulikuwa ku pedali.

Kelele inakuja pale tu unapokanyaga pedali: ni bute. Kelele iko wakati gari imesimama bila vitesi, na inapotea ukikanyaga: ni rulema ya bwate upande wa motere. Na kama vitesi moja inaruka yenyewe, ugonjwa iko ndani ya bwate. Unaweza kuishusha mwenyewe, lakini kuifungua ndani mupelekee fundi wa bwate. Ni ufundi mwingine.

Pahali na miti

Bukavu imejengwa ku milima, na parseli ya sawasawa si rahisi kupata. Kama yenu imeinama, ombeni ya jirani. Gari ya kulaliwa chini haisimamishwe ku mteremko hata kidogo. Na mu miezi ya mvua, kutoka Septemba mpaka Mei, udongo wetu unakuwa laini. Munaweka mbao nene chini ya kila kishikilio juu kisizame.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirie. Ukishatoa transmisio, ile chuma ndefu inayopeleka nguvu nyuma, vitesi haishike gari tena. Na ukiinua magurudumu ya nyuma, freni ya mukono haina kazi, juu inashika magurudumu yaliyo hewani. Kwa hiyo, magurudumu ya mbele yazibwe na kabari za mti, mbele na nyuma yake, kabla ya kuinua kitu chochote.

Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mpira wake wa ndani ukitoboka, gari inashuka kwa sekunde moja, na hakuna mtu anayetambaa kwa mwendo huo. Gari inakaa juu ya shandeli nne, chini ya chuma za shasi, si chini ya bati ya sakafu. Kama hakuna shandeli, panga miti minene iliyokatwa sawasawa, mbili huku na mbili kule juu yake, sawa vile munapanga mu galeri pa dari mbovu. Tofali inapasuka bila kulia mbele. Jiwe ya mviringo inateleza. Jante tupu inageuka. Vitu hivyo vitatu viondolewe kabisa.

Kisha, mbele ya mtu kuingia chini, watu wawili wasukume gari kwa nguvu kutoka upande. Ikicheza, panga upya. Gurudumu ulizotoa, zilaze chini ya shasi. Miti ikiachia, zitabakisha nafasi ya kifua. Na kila saa kuna mtu mmoja mkubwa inje, anayeona miti na kusikia sauti ya aliye chini. Watoto wakae mbali. Tochi ifungwe na kamba. Haihitaji mtoto wa kuishika.

Kushusha

Anza na batri: toa waya ya minus. Waya nene ya demareri ina moto saa zote, na funguo ikiigusa pamoja na chuma ya gari, inachoma mkono na waya.

Mafuta ya bwate: fungua kwanza buloni ya kujazia, kisha ile ya kumwagia. Ukimwaga mbele na ile ya juu ikakataa kufunguka, umebaki na gari isiyoweza kujazwa wala kutembea. Mafuta kachafu uikinge mu bidoni, isiende mu mtaro unaoteremka ku ziwa Kivu.

Mbele ya kutoa transmisio, piga alama ku chuma zote mbili pale zinapokutana nyuma. Rangi ya kucha ya mama inafaa sana. Irudi vile ilikuwa. Ikigeuzwa inaweza kutetemesha gari. Kisha funga plastiki nyuma ya bwate juu mafuta iliyobaki isikumwagikie machoni.

Sasa toa fimbo ya vitesi, demareri, waya ya taa za kurudi nyuma na kamba ya kontere. Pampu ndogo ya ambreyaje inatoka na buloni zake mbili, bila kufungua bomba yake. Ifunge pembeni na waya, na mtu asikanyage pedali, ama itajifungua yenyewe.

Hapa ndipo buazaje ya pili inahitajika. Ukiondoa bwate, motere inapoteza mguu wake wa nyuma. Weka kriki na ubao mpana chini yake, ishike bila kuinua. Kriki ingine iwekwe chini ya bwate, kisha utoe traversi inayoibeba. Bwate ya gari ya namna hii inaweza kukaribia mfuko wa sima wa kilo 50, na ile ya gari yenye kusukuma mbele na nyuma inazidi hapo. Mtu asiipokee ku kifua hata kama anajiona nguvu.

Buloni zinazounganisha bwate na motere hazina urefu moja. Chora duara ya bwate ku karton, toboa matundu, na kila buloni ikae pahali pake. Mbili za mwisho zibaki, moja kila upande, mpaka kriki iko tayari. Kisha vuta bwate nyuma, moja kwa moja, bila kuiacha ining'inie ku mti wake wa mbele. Ikining'inia, inapindisha kitovu cha diski.

Vumbi

Ndani ya ambreyaje munakuta vumbi nyeusi. Wengi wanaipuliza na mdomo ao na pampu ya hewa. Msifanye hivyo. Diski za zamani zilitengenezwa na amianti, na nyuzi zake zikiingia mu mapafu hazitoke. Zinaleta kansa miaka mingi kisha. Umoja wa Ulaya ulikamilisha kuikataza mwaka 2005, lakini diski ya okazio haina cheti ya kuzaliwa. Sisi ambao tumeona wenzetu wakikohoa juu ya vumbi ya mwamba, hatuna sababu ya kuongeza ingine. Lowesha na maji ya sabuni, pangusa na kitambaa, kitie mu plastiki, ufunge, utupe.

Kisha angalia kila kitu, juu haujashusha kwa raha. Misumari ya diski imefikiwa? Volani ya motere ina madoa ya bluu ao nyufa? Bute inalia ukiizungusha na mkono? Mpira wa nyuma ya motere unatoa mafuta? Mpira huo ni mdogo. Ukiuacha, utamwagia diski mpya, na utashusha bwate mara ya pili.

Kurudisha

Diski ina upande wake: kitovu kilichotokeza kinaangalia bwate, isipokuwa kama imeandikwa tofauti. Iweke katikati kabisa mbele ya kukaza plato. Wenye mti wa bwate nzee wanautumia. Wengine wanachonga kijiti kwa kipimo. Buloni za plato zikazwe kidogo kidogo, kwa msalaba.

Kata vichwa vya buloni ndefu mbili za zamani, uzifunge ku motere ziwe reli za kuongoza. Inua bwate na kriki, isukume na mikono. Ikikataa, weka vitesi moja na zungusha mti wa nyuma polepole mpaka meno yakutane. Usiivute kamwe kwa kukaza buloni: sikio la bwate ni la aluminyumu, linavunjika, na hapo kazi ya diski imekuwa kazi ya bwate nzima. Inapaswa kugusa motere pande zote kwa mkono. Kisha ndio buloni zinakazwa.

Rudisha traversi, pampu, demareri, waya, transmisio na alama zake. Kisha mafuta, mbele ya batri. Jaza mpaka ianze kutiririka ku tundu ya kujazia, gari ikiwa sawasawa. Kabla ya kushusha gari, hesabu karton: kama buloni moja imebaki, kuna pahali inaitafuta.

Gari ikiwa chini na hakuna mtu chini yake, jaribu vitesi zote motere ikizimwa, kisha ikiwaka, kisha tembea polepole mu kartie. Kupanda kwa kwanza kusiwe na mzigo. Na kisha ya safari ya kwanza, kaza buloni zote tena.

Neno kwa makundi

Shandeli nne ni gali kwa mtu mmoja, lakini si gali kwa watu ishirini. Sendika na makoperative tunanunua kofia na pampu za maji kwa pamoja. Hakuna sababu ya kukosa chuma nne za kushikilia gari zinazotubeba. Zikae ku depo pamoja na kofia. Anayezihitaji aandikishe jina, na aandikishe pia jina la mtu wa pili atakayebaki inje. Asiyekuwa na mtu wa pili asipewe.