Mlango Uliofungwa, Mto Uliozibwa: Maana za Kivumishi 'Closed' katika Mazingira ya Kitui na Makueni

Kibao kinachotundikwa kwenye mlango wa duka mjini Wote au mjini Kitui aghalabu huwa na neno moja tu la Kiingereza: 'closed'. Mwanafunzi wa Kiswahili akitakiwa kulitafsiri, hujibu bila kusita: "Pamefungwa." Hapo hajakosea. Kosa huzuka anapodhani kwamba jibu hilo litamfaa kila mahali kivumishi hicho kinapojitokeza. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba Kiswahili hakina kivumishi kimoja kinacholingana na neno hilo. Uteuzi wa neno hutegemea mambo mawili: kitu chenyewe, na mkono uliokifunga.

Tuanze na kitu. Mlango hufungwa, jicho hufumbwa, tundu huzibwa na chungu hufunikwa. Kila kitenzi kati ya hivi kina kinyume chake: fungua, fumbua, zibua na funua. Kwa hiyo, macho ambayo Mwingereza angeyaeleza kwa kivumishi kilekile cha mlango, Mswahili huyaita macho yaliyofumbwa. Kikao kisichoruhusu wageni huitwa kikao cha faragha. Zabuni ambazo hazipokelewi tena, ni wazi zaidi kusema kwamba muda wake umekwisha.

Mzungumzaji wa Kikamba ana nuru ya ziada katika jambo hili. Lugha yake hutenganisha kile ambacho Kiswahili kimekiunganisha: mlango huambatana na kitenzi 'kũvinga', ilhali mbuzi anayetiwa kamba huambatana na 'kwova'. Kiswahili hutumia 'kufunga' kwa yote mawili. Kikamba husema pia kwamba mtu aliyetiwa gerezani 'ameovwa', wala si kwamba 'amevingwa'. Ulinganishi huo unadokeza kwamba hata neno 'mfungwa' lafaa kutazamwa kwa upande wa kamba kuliko upande wa mlango. Ndiyo sababu haifai kumtafsiri mfungwa, wala timu iliyofungwa mabao mawili, kwa kivumishi cha Kiingereza kinachojadiliwa hapa. Kadhalika anayefunga Ramadhani hujizuia, na mwezi unaofuata huitwa Mfunguo Mosi kwa kuwa kizuizi kimeondolewa.

Jambo la pili ni mkono unaofunga. Kivumishi cha Kiingereza hutaja hali na kunyamaza. Kitenzi cha Kiswahili huulizia mtendaji. Mzazi wa Mwingi akisema, "Shule zimefunga," husikika kwamba muhula umefika ukingoni kama ilivyopangwa. Akisema, "Shule zimefungwa," msikilizaji hutaka kujua ni nani aliyezifunga na kwa nini. Mwezi Machi 2020, shule za Kenya zilifungwa kwa amri ya serikali kutokana na ugonjwa wa korona. Baadhi ya madarasa yalirejea Oktoba mwaka huo, na mengine yakasubiri hadi Januari 2021. Kuandika kwamba shule "zilifunga" wakati huo ni kuificha amri ndani ya sarufi. Nao mlango 'usiofungika' si mlango ulioachwa wazi na mtu, bali ni mlango ambao hali yake yenyewe haikubali kufungwa.

Tofauti hizi zina uzito nje ya darasa. Kitui na Makueni ni nchi ya mito ya msimu, na wenyeji wamejenga mabwawa mengi ya mchanga. Ukuta hujengwa kukatiza mto, mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta huo, na maji huhifadhiwa ndani ya mchanga hadi kiangazi. Mto wa namna hiyo umezibwa. Kwa upande mwingine, Kaunti ya Makueni ilipitisha mwaka 2015 sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga. Mahali ambapo uchimbaji umepigwa marufuku, mto umefungwa kwa wachimbaji, ingawa maji yanaendelea kupita. Mfasiri wa tangazo akiandika 'umezibwa' pale palipostahili 'umefungwa', mwenye lori ataangalia mto, asione ukuta, na apakie mchanga. Afadhali zaidi aandike bayana: "Ni marufuku kuchimba mchanga hapa."

Taaluma nayo imejiundia kivumishi chake: 'funge'. Umbo hili linafuata njia kongwe ya kuunda maneno kwa kiishio -e, kama vile mtume kutokana na tuma, na kiumbe kutokana na umba. Hutumika katika istilahi kama vile silabi funge, yaani silabi inayoishia kwa konsonanti, mfano 'mak' katika 'maktaba' na 'lab' katika 'labda'. Silabi za Kikamba huishia kwa irabu, na hivyo mwanafunzi wa Ukambani huelekea kupachika irabu na kutamka 'makitaba'. Hata hivyo, istilahi hii ibaki katika taaluma, kwani hakuna anayesema 'duka funge' akieleweka.

Basi mwanafunzi akutanapo na kivumishi hiki asikimbilie kamusi kabla ya kuuliza: ni kitu gani, kimefungwa vipi, na ni nani aliyekifunga? Akiyajibu maswali hayo, kitenzi kinachofaa kitajitokeza chenyewe.